Alama Arobaini na Nane za Fizikia

Naomba mfiche jina langu. La mama ninayemtaja nimelibadilisha, nitamwita Zaina. Nina miaka themanini na mmoja, niko Kindu, na figo zangu zimechoka. Daktari haniambii tena nirudi lini. Nilikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, kisha prefe wa masomo, yaani mkuu, katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Watu wakinipita barazani bado wanainama kidogo na kusema, "Mwalimu." Wakisema hivyo nageuza uso.

Wakati wa vita askari waliingia shuleni kwetu wakalala madarasani. Madawati waliyachoma kupikia, vyombo vya maabara wakavifanya vikombe vya pombe. Buletini, zile ripoti za alama, na makaratasi yote niliyahamishia nyumbani kwangu. Treni ilikuwa imekufa, boti za mto Lualaba zilipita kwa kubahatisha. Mwaka huo ikanifikia barua: kitivo cha sayansi huko Kisangani kitapokea mwanafunzi mmoja wa shule yetu, na ndege ndogo ya msaada itakuja kumchukua. Masharti yalikuwa wazi. Awe amefaulu Exetat, mtihani wa Serikali, katika seksio ya sayansi. Buletini za miaka miwili ya mwisho zionyeshe angalau alama sitini kwa mia katika hesabu na fizikia. Prefe apeleke dosie moja tu, faili la maombi la yule bora.

Bora alikuwa Zaina, na hakuna aliyemkaribia. Baba yake alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti, na binti alikuwa akifanya mazoezi ya fizikia kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza ya baba yake. Katika fizikia alipata themanini na sita. Karatasi zake nilizisahihisha mimi. Mwanangu wa kiume, darasa hilohilo, alipata hamsini na moja, na ile moja nilimwongezea.

Zaina alikuja nyumbani na bahasha yake.

"Mwalimu, njo hii dosie. Iko kamili, niliangalia mara tatu. Imebaki tu buletini ya mwaka wa sita, ile muko nayo."

Nikamwambia akae. Nikamwambia fizikia yake imetoka arobaini na nane, na chuo hakishuki chini ya sitini. Niliitamka namba hiyo bila hata kumeza mate. Hakubisha. Aliuliza tu, "Nilikosea wapi, Mwalimu?"

"Katika umeme," nikamjibu. Hata somo la kuanguka nilimchagulia.

Alinishukuru kwa kutomficha ukweli, akaenda. Kesho yake nilimwandikia mwanangu buletini mpya, sabini na mbili, nikamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye ndege.

Nilijiambia ni vita, kila baba anamtoa mwanawe motoni. Uongo mtupu. Motoni walikuwemo watoto wa watu wote, na mwenye haki ya kutoka alikuwa Zaina.

Mwanangu alianguka mwaka wa kwanza, akaurudia, akaanguka tena. Leo ananunua madini Kampene na watu wanamwita Enjenia. Zaina ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi. Zaidi ya miaka ishirini anafundisha kujumlisha.

Sasa mjukuu wangu, binti wa huyo Enjenia, amefaulu Exetat na anataka fizikia. Si udaktari, si sheria, ni fizikia yenyewe. Baba yake anapiga simu kumcheka: "Fizikia tupu itakulisha nini, mama? Mimi nilifika kule, hakuna kitu. Utaishia kushika chaki kama babu yako." Mtoto hajali. Chuo kimeweka mtihani wa kuingia, na anayemwandaa kila alasiri, hapa barazani kwangu, ni Zaina. Alijitolea mwenyewe. "Mwalimu alinitendea wema," alisema, "acha niurudishe." Anakuja na bakuli la wali wa Kibombo na sombe ya majani ya muhogo, ananiwekea mto mgongoni vizuri, kisha wanaanza.

Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mjukuu wangu: "Mimi nilianguka ju ya umeme. Arobaini na nane. Njo maana nilisoma umeme peke yangu miaka hii yote, nijue ni fasi gani akili yangu ilikatikia."

"Na uliiona, mama?"

"Bado natafuta," akasema, wakacheka wote wawili.

Wali ukanikwama. Nikautema kwenye beseni, na Zaina akaja kunifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia askari mmoja wa wakati ule wa vita, aliyekojoa juu ya vitabu vyetu. Yeye hakuwa mwalimu.

Buletini yake ya kweli iko kwenye sanduku langu la bati, themanini na sita, na sahihi yangu chini. Sijui kwa nini sikuichoma.

Mtihani wa mjukuu uko siku tisa mbele. Nikisema sasa, Zaina ana haki ya kuondoka asirudi, na mtoto asiye na kosa ataumia. Nikingoja upite, nitakuwa nimemtumia mara ya pili kwa faida ya damu ileile, na mwili huu huenda usifike. Nikimwachia sanduku alifungue baada ya mazishi yangu, hatakuwa na mtu wa kumtukana.

Jana Zaina alifunga dosie ya mjukuu wangu. Nikaomba niiangalie. Akaikumbatia kifuani.

"Hapana, Mwalimu, wewe pumzika. Nitaipeleka mimi mwenyewe mpaka mikononi mwao. Wakati wetu makaratasi yalikuwa yanapotea njiani."

Buletini yake haikupotea njiani. Haikutoka nyumbani kwangu.

Kesho saa kumi atakuja na bakuli lake. Msiniandikie kwamba Mungu ni mwingi wa rehema, hayo nitayasikia kwa shehe. Nawauliza ninyi mlioambiwa hamfai, mkaamini: mngetaka mpewe ile karatasi kesho, kabla daftari halijafunguliwa, au baada ya siku tisa?