Waya Nilizounganisha kwa Rangi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mvua nilipoitwa ofisi ya parokia kutengeneza kompyuta. Nilikuwa fundi redio hapa Nkwenda, kijana wa miaka ishirini na miwili, na watu waliniita injinia. Sifa zilinivimbisha kichwa. Kompyuta sikuwa nimeigusa hata siku moja.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Kinyarwanda walipovuka mto wa mpakani wakiwa wamepotezana na watoto wao. Katekista wetu alizunguka kambini akiandika majina ya watoto waliokutwa peke yao, kisha akayaingiza kwenye mashine ile. Karatasi zake zilikwisha kuharibiwa na mvua, kwa hiyo majina yalibaki humo ndani tu. Sasa kioo cha kompyuta kilikuwa kimekufa. Kilicholetwa badala yake kilikuwa cha zamani zaidi, plagi yake ina pini tisa, na tundu la kompyuta lilitaka kumi na tano.

Nje, kwenye benchi, alikaa Bibi Konsolata wa Songambele, Mnyarwanda aliyeolewa huku tangu usichana wake. Binti yake, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto, alifia njiani akikimbia. Mjukuu wake Inosenti, wa miaka sita, alionekana akivuka na watu. Bibi alikuja na fimbo na ndizi za kuchoma kwenye kitambaa, tayari kuzunguka kambi zote kwa miguu. Katekista akamwomba asubiri kidogo, huenda jina limo.

Katekista aliniuliza kama kazi ile naijua, maana Bukoba yuko mtaalamu anayeweza kuitwa. Mwanangu, neno "sijui" lilifika kwenye meno likarudi. Nikasema naijua. Tena nikamgeukia bibi, bila kuulizwa na mtu:

"Bibi, weka fimbo chini. Kesho utaona jina la mjukuu wako."

Nikakata plagi ya kioo kilichokufa na ya hiki kingine, nikaunganisha waya kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kama nilivyozoea kwenye redio. Jenereta lilipowashwa, kioo kilitoa mistari, kikalia mluzi mwembamba, kisha tukasikia harufu ya kuungua. Kompyuta nayo haikuwaka tena.

Hata hapo sikukiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilisema kesho, na kesho yake nikasema kesho, siku nane nzima, nikifungua na kufunga skrubu zilezile. Bibi alihifadhiwa kwa jirani wa parokia, na kila asubuhi alirudi kwenye benchi. Mwishowe katekista aliifunga mashine kwa blanketi akaipeleka Bukoba kwa basi.

Iliporudi, jina la Inosenti lilikuwemo, pamoja na kambi na hema alilowekwa. Kambi yenyewe ilikuwa mwendo wa siku moja. Bibi akaenda, akakuta watoto wa hema lile wamepakiwa kwenye lori siku tatu kabla. Wengine walimwambia wamepelekwa Ngara, wengine wamerudishwa ng'ambo ya mto.

Nilimfuata kwake kuomba radhi. Alikuwa akimenya ndizi. Aliitikia shikamoo yangu, akasema, "Mwanangu, mambo ya waya siyajui, wala sikulaumu kwa waya. Lakini miguu yangu ilikuwa mizima. Ungeniambia hujui, ningetembea."

Alimtafuta mpaka alipofariki, hakumpata. Mimi ni mmoja wa waliomchimbia kaburi kibanjani kwake, katikati ya migomba, na niliona aibu kushika jembe mbele ya watu.

Ndiyo maana ukiniuliza nisilolijua, hunisikii nikizungukazunguka. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na kukiri ujinga si aibu. Aliyekuja kwako ana njia nyingine pia. Ukimwambia ukweli mapema, ataishika. Usimkalishe mtu kwenye benchi kwa kesho usiyo nayo.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi, mwanangu, na pale ujuzi unapokoma akupe ulimi wa kusema hujui. Asikupe mtu wa kumkumbuka kila mvua inaponyesha, kama alivyonipa mimi.