Deraya ya Mbeba Ngao

Mwaka tisini na nane nilikuwa nafundisha kupiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi mjini Shinyanga. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi. Kijana wao mkubwa, rika langu, alileta kompyuta tatu kutoka Dar akaziunganisha kwa waya. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, tulicheza mchezo wa kupigana na mazimwi, watu watatu ndani ya pango moja: yeye, mimi, na rafiki yangu wa tangu utoto, mwalimu wa shule ya msingi Tinde, aliyekuja kwa kudandia malori ya pamba.

Kila mmoja alijijengea mtu wake. Kijana wa duka alikuwa mpiga upinde, anayesimama mbali. Rafiki yangu alikuwa mganga, laini kama uji, kazi yake kutuponya. Mimi nilikuwa mbeba ngao. Mbeba ngao hasifiwi kwa kuua. Kazi yake ni kupigwa yeye ili wenzake wasipigwe. Kila ukipanda daraja unapewa pointi tano uzigawe: nguvu, wepesi, akili, uhai. Wajinga huzitapanya kote. Mimi nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio: nguvu sitini, wala si sitini na moja, kwa kuwa deraya, lile vazi la chuma la vitani, ilidai sitini, nyingine zote kwenye uhai. Akili sikuipa hata moja, na ilionekana.

Maana siku ya kwanza tuligombania kofia ya vita iliyodondoka zimwi lilipokufa, nami nikasema tugawane kama duarani. Kabla ya ualimu wangu huo wa mashine nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa Bulyanhulu, mpaka kifua kilipokataa vumbi. Kule kila shimo, yaani duara, lina mwenyewe. Mawe yakitoka, mwenye duara anachagua kwanza, wachimbaji wanafuata. Wenzangu wakakubali, na mwenye kompyuta akawa mwenye duara. Hakuna aliyeniomba. Lile pango halikuwa na mwenyewe; bwana nilimpeleka mimi, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kugawana. Mdomo uliponza kichwa.

Miezi mitatu nilipigwa nikiwa na matambara. Upanga mzuri ukitoka, kwake. Pete ikitoka, kwake. Nikajipa moyo kwamba deraya hawezi kuivaa, maana nguvu zake zilikuwa thelathini tu.

Jumapili moja zimwi kubwa likaanguka, deraya ikatoka. Nilisimama kutoka kitini.

"Hiyo yangu," nikasema.

"Mgao kwanza, mwalimu," akajibu kijana wa duka.

Akaichukua. Akaenda nayo kwa mchuuzi wa mle mle mchezoni, akaiuza, akanunua upinde wenye mpini wa dhahabu. Nikamgeukia rafiki yangu.

"Sema basi."

Akainamia vibonyezo. Alikuwa ameahidiwa na kijana wa duka kompyuta moja kuukuu kwa ajili ya shule yake, nami nililijua hilo.

"Ndo mgao wetu, baba," akasema. "Si uliuleta mwenyewe?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Tukaingia chumba kilichofuata. Nafasi yangu ilikuwa mlangoni, penye wembamba; nikisimama pale hakuna kitu kinachomfikia mganga. Na mchezo ule ulikuwa na sheria moja ngumu: mtu wako akifa, amekufa. Miezi yako yote inafutika, unaanza upya kama mtoto mchanga. Nilikinga mpaka uhai wangu ukafika nusu. Kisha nikabonyeza mshale wa kushoto, mara mbili, nikakaa pembeni.

Nilitaka mpiga upinde aliwe. Mazimwi yalinipita kama ng'ombe waendao lamboni kunywa maji, lakini yeye alikuwa mbali, karibu na ngazi, akapanda akatoka huku anacheka. Yakamwangukia aliyekuwa karibu. Mganga hakumaliza hata dua yake moja. Kioo cha rafiki yangu kikawa cheusi, kisha kikamwomba aandike jina la mtu mpya.

Hakuandika. Alinitazama mimi, si kompyuta.

"Nilikuwa nyuma yako," akasema.

Kijana wa duka akasema jamani, mchezo tu. Rafiki yangu akavaa viatu akaenda barabarani kutafuta lori. Hakurudi tena. Krismasi nilimfuata Tinde, nikampigia hodi na soda mkononi. Akanijibu salamu kwa adabu zote, kama unavyomjibu mgeni wa serikali, wala hakunikaribisha ndani.

Watu nimewaambia kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Aliyenidhulumu sikuwa na uwezo wa kumfikia, nikamtoa kafara niliyekuwa na uwezo naye.