Mashine Iliyokumbuka Lodwar Tukiwa Kakuma

Nikiwaambia vijana wa siku hizi kwamba nilifanya kazi ya kompyuta Turkana katika miaka ya sabini, hunitazama kana kwamba nawauzia ndama ambaye bado yumo tumboni. Sibishani nao. Kompyuta ilikuwepo, kubwa kama kabati la nguo, imefungwa kwa mikanda nyuma ya lori la mradi wa maji, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeipangusa mchanga kwa brashi ya rangi. Nilikuwa kijana kutoka Machakos, nina cheti cha ufundi na kichwa kilichovimba kuliko cheti chenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta maji yaliyo chini ya ardhi. Tulifukia vifaa vidogo vya kusikilizia mtikisiko, vimepangwa mstari mmoja mrefu, na mwishoni mwa mstari mtu wetu wa nyundo, Mturkana mrefu mwenye utani mwingi, alipiga bamba la chuma kwa nguvu zake zote. Mtikisiko ulishuka, ukagonga mwamba au mchanga wenye maji, ukarudi. Kinasa kiliupokea na kuupitisha kwenye kompyuta. Pigo moja ni hafifu, kwa hiyo tulipiga mara kumi na mashine ikajumlisha: pigo la kwanza lilifuta mapigo ya zamani, yaliyofuata yakaongezwa juu yake. Mwishowe mtambo wa kuchapa ulitoa picha ya tabaka za ardhi.

Kati ya kinasa na kumbukumbu ya kompyuta kulikuwa na bodi moja tuliyoiita kidhibiti, na programu ya kuiendesha niliiandika mwenyewe Nairobi. Kinasa hakikuruhusiwa kuingia kwenye kumbukumbu kiholela. Kilipitia madirisha manne ya kidhibiti, na kila dirisha ilibidi uliambie mambo matatu: lianzie wapi katika kumbukumbu, liwe na upana gani, liwe wazi au limefungwa. Fikiria duka la Lodwar lenye dirisha la nondo. Unachopitisha dirishani huangukia rafu iliyo nyuma yake, na ukilihamisha dirisha bila kumwambia mwenye duka, unga utamwagikia kwenye sabuni. Madirisha mawili ya kwanza yalikuwa ya vipimo vya asubuhi, mawili ya mwisho ya alasiri, ili jioni tuvichape vyote pamoja.

Sasa nieleze ujanja wangu. Niliona ni kupoteza wakati kuyapanga madirisha kila programu inapoanza. Nikaiagiza iyapange mara moja, kisha iweke alama kwenye kumbukumbu: yamekwisha pangwa. Ikianza tena na kuikuta alama ile, iruke. Niliokoa sekunde chache mno na nikatembea siku nzima nikijipongeza.

Lodwar mambo yalikwenda vizuri. Tulipima kando ya mto Turkwel, lori limeegeshwa chini ya miti, mashine ikifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kuzimwa. Picha zilionyesha mchanga mnene wenye maji, jambo ambalo hata mbuzi wa pale walilijua. Mkuu wetu, mwanajiolojia wa kutoka Nyanza, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, alisema, "Haya, twende Kakuma."

Kakuma hatukupata kivuli cha kutosha lori. Kufika adhuhuri, mabati ya kabati yalikuwa yanaunguza vidole, kwa hiyo tukaanza desturi yetu: saa sita tunazima kila kitu na jenereta, tunakula, tunalala chini ya turubai, saa tisa tunawasha. Haikuwa na usumbufu. Kumbukumbu ya mashine zile ilikuwa ya vipete vidogo vya chuma vilivyoshonwa kwa nyaya, na umeme ukikatika haikusahau kitu. Asubuhi tu ndipo nilipoingiza programu upya kutoka kwenye utepe wa karatasi, na ile alama ikafutika. Alasiri nilibonyeza swichi moja, kazi ikaendelea ilipoishia.

Aliyetupikia alikuwa mama wa pale Kakuma. Maji ya kupikia aliyapata kwa mdogo wake, ambaye kila alfajiri alishuka kwenye kisima walichochimba katikati ya mto mkavu. Niliwahi kwenda kutazama. Watu wanne walisimama mmoja juu ya mwingine ndani ya shimo, wakipokezana karai, na yule kijana ndiye aliyekuwa chini kabisa kwa sababu alikuwa mwembamba. Msimu uliopita mchanga ulikuwa umemfunika mwenzake aliyesimama mahali palepale. Walimtoa akiwa amekufa. Kijana akaendelea kushuka, kwani mifugo na watu hawakuacha kuona kiu.

"Ejok, fundi. Maji iko?" mama alinisalimu kwa Kiturkana na kuniuliza kila jioni.

Alasiri ya kwanza mashine ilichapa picha nzuri ajabu. Mchanga mnene, umeloa, hauko mbali. Mkuu alipigilia kigingi pale pale na kupeleka habari Lodwar kwa redio ya polisi kwamba mtambo wa kuchimba uje. Ulikuwa na mabomba ya kisima kimoja tu kwa Kakuma, kisha uende zake Nakalale.

"Iko, mama," nikamjibu, nimejaa kama jongoo aliyekula mvua. Kabla ya giza kuingia mji mzima ulikuwa umeshajua.

Alasiri ya pili nilikuwa ndani ya lori, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi, jenereta inanguruma. Nilikuwa nimepunga kitambaa chekundu, ishara ya mapigo kumi ya nyundo. Nikangoja muda wa kawaida, nikachapa. Picha nzuri tena. Nikafungua mlango kwa furaha na kumkuta mtu wa nyundo amekaa juu ya bamba lake, anatafuna tumbaku.

"Kazi safi!" nikamwambia.

"Kazi gani?" akasema. "Mimi hapana piga bado. Ngamia ilikuwa inapita juu ya waya."

Nilidhani ni utani wake. Nikamtazama. Nyundo ilikuwa chini, nyayo za ngamia zimetapakaa kwenye mstari, na ngamia wa mwisho bado alikuwa anaonekana akiyumbisha nundu yake kuelekea mtoni. Nikarudi ndani, nikaiweka picha ile juu ya picha ya jana. Zilikuwa sawasawa, mstari kwa mstari. Nikafungua sanduku la karatasi za Lodwar, nikaitoa picha ya mwisho tuliyochapa kando ya Turkwel. Nayo ilikuwa hiyohiyo.

Tulikuwa tumepigilia kigingi cha Kakuma kwa kutazama mchanga wa Lodwar.

Sikuhitaji kutafuta sana, maana mtu huijua harufu ya jiko lake. Kumbukumbu haikusahau umeme ulipozimwa, lakini bodi ya kidhibiti ilisahau. Kila tulipozima saa sita, madirisha yalirudi yalivyotoka kiwandani, yote manne yakitazama mwisho wa kumbukumbu ambako hatukuweka chochote. Saa tisa programu iliamka, ikaikuta ile alama yangu ya kijanja, ikaamini madirisha yamepangwa, ikaruka. Mapigo ya Kakuma yakaangukia patupu. Rafu za alasiri zikabaki na vipimo vya Turkwel, na mashine ikatuchapia hivyo bila haya. Nairobi nisingeligundua hata kwa mwaka, kwa sababu Nairobi hakuna anayezima mashine ili alale mchana.

Mficha uchi hazai. Nilimwendea mkuu na karatasi tatu mkononi, nikamweleza yote, na sikumsingizia ngamia. Alizishikanisha karatasi, akaziinua kwenye jua, akanirudishia.

"Mtambo umeondoka Lodwar leo asubuhi," akasema. "Kwa mchanga ule, utafika kesho kutwa. Tengeneza."

Angenitukana ningepata nafuu. Neno lile moja lilinikaa shingoni.

Jua lilikuwa bado juu. Nilikaa mbele ya kabati na swichi zake, nikaitafuta ile amri ya kuruka, na mahali pake nikaweka amri ya kutofanya kitu. Sasa alama iwepo isiwepo, madirisha yangepangwa kila programu inapoanza. Nikapanga na utaratibu, kwa adabu niliyokosa Nairobi: funga madirisha yote kwanza, andika mwanzo, andika upana, ndipo ufungue. Mwisho nikaongeza jambo ambalo najilaumu mpaka leo kwamba sikulifanya tangu awali: soma ulichokiandika bodini, ulinganishe, na kama hakilingani simama, usichape kitu. Kisha nikazima kila kitu. Nikahesabu mpaka mia, nikawasha, nikampungia mtu wa nyundo huku nimeacha mlango wazi ili nimwone kwa macho yangu akipiga.

Picha iliyotoka ilikuwa mbaya. Mistari hafifu, mwamba karibu sana na uso wa ardhi, mchanga haba. Lakini haikuwa Lodwar. Nilishusha pumzi hata mtu wa nyundo akauliza kama nimeumwa na nge. Tungechimba pale, tungevunja meno ya mtambo kwenye jiwe na kuondoka.

Kesho yake tulipima tangu alfajiri bila kupumzika adhuhuri. Tuliifunika kompyuta kwa magunia yaliyoloweshwa, na watu wakachukua zamu kuipepea kama bibi harusi. Mistari mitatu ilitoka mikavu. Wa nne, karibu na kona ya mto, ulionyesha mchanga mzito unaozama chini. Mkuu aliutazama, akamwambia mtu wa nyundo arudie. Akarudia. Ukatoka vilevile.

Nilikibeba kigingi begani mwenyewe kutoka kule kwenye jiwe hadi kule konani. Ilibidi nipite mbele ya jiko la mama.

"Mbona iko inahama?" akauliza.

Nilitaka kumwambia habari za kitaalamu. Ulimi ukakataa. "Nilikosea, mama. Mashine ilitupa picha ya Lodwar kwa sababu mimi niliipanga vibaya."

Alikoroga sufuria yake. "Umekosa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Wewe una bahati. Ndugu yangu akikosa mara moja, imekwisha."

Nikaendelea kutembea na kigingi changu.

Mtambo ulifika na kuchimba siku tatu. Siku ya kwanza vumbi, siku ya pili vumbi, na mimi sikula kitu cha maana. Niliomba sala zote nilizofundishwa na mama yangu na nyingine nikazitunga. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, matope yalitoka yakiwa mazito, kisha mepesi, kisha maji yakaruka, ya rangi ya chai, yakawalowesha wachimbaji na watu wote waliosogea. Mkuu wangu, yule asiyependa maneno, alivua kofia na kupiga kelele kama mtoto. Mimi nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Mama alionja kwa kiganja, akatema, akaonja tena. "Iko chumvi kidogo," akasema, akacheka mpaka akashika magoti.

Pampu ya mkono ilifungwa juma lililofuata. Asubuhi baada ya kufungwa nilikwenda jikoni kutafuta chai, jua limeshapanda. Mama alinionyesha kwa kidole nisipige kelele. Mdogo wake alikuwa amelala juu ya ngozi kando ya ukuta, mdomo wazi, mkono umetupwa kando, nzi wanamtembelea usoni. Mifugo ilikuwa imeshanyweshwa pale pampuni, na hakuna aliyekuwa amemwamsha.