Jina la Kisima cha Mkwe

Chubwi! Ndivyo ndoo ya ngozi ya twiga ilivyoyapiga maji chini kabisa, nasi juu tukajua ngamia watakunywa.

Kisima hicho, kaskazini ya Wajir, kilichimbwa na Jatani, baba mkwe wa bibi yetu Tiya. Wazee walipaita Kisima cha Jatani. Bibi hakupaita hivyo hata siku moja. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au kaburini, hata likiwa jina la mahali.

Wakati wa vita vya Waitaliano alikuwa akipeleka samli sokoni Wajir, na madereva wa malori walimuuliza, "Mama, samli tamu hii yatoka wapi?"

"Kwenye mawe meupe," alijibu kwa Kiswahili chake kidogo, akimaanisha mawe yaliyokizunguka kisima.

Madereva wakaibeba samli, wakalibeba na jina. Vita vilipokwisha, hata sisi wajukuu tulisema tunakwenda Mawe Meupe. Bibi alitusikia, akakiinamia kibuyu chake cha maziwa na kukitikisa kwa nguvu. Angetusahihishaje?

Kisha mvua ikakosekana. Batula, jirani yake tangu walipokuwa maharusi, akafungasha nyumba yake juu ya ngamia ahamie El Wak kwa mwanawe. Mume wa bibi na wazee wenziwe walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki akilitaja jina la zamani ni Batula peke yake.

Asubuhi ya kuhama, bibi alimvuta mkono hadi kisimani, akatuita sote.

"Batula, waambie hapa panaitwaje."

"Waambie mwenyewe! Mdomo umeshonwa?"

"Unajua umeshonwa."

"Miaka yote waninyima samli, leo wataka kuazima ulimi wangu!"

"Si nilikupa jana?"

"Kijiko!"

Batula alicheka, kisha akayaona macho ya bibi. Akavuta pumzi, akapaza sauti yake ya kuitia mbuzi: "Kisima cha Jatani! Haya watoto, semeni!"

Tukasema. Hata wanaume waliokuwa chini kisimani wakipokezana ndoo waliitikia, sauti zao zikapanda na ubaridi wa shimo. Bibi alikuwa amefumba macho.

Ngamia wa Batula walikwisha kusimama. Mwanawe, aliyekuja kumchukua, alikuwa akimwita. Bibi hakumwachia mkono.

"Tena," alisema polepole. "Mara moja tu."