Siku Mbili Baharini na Baba

Wazo la kukodi katamarani lilikuwa langu, na sijawahi kumtupia mwingine lawama zake. Mteja mmoja alikuja dukani kwangu Kariakoo kutafuta kitambaa kigumu cha mito ya boti. Nilipomuuliza ni boti gani, akanionyesha picha kwenye simu: chombo kipana cha tanga, chenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha moja.

"Kuna nahodha, baharia na mpishi," alisema. "Nyinyi, dada, kazi yenu ni kukaa tu."

Hilo la kukaa tu ndilo lililonishika. Baba alikuwa kuli bandarini tangu alipotoka Lindi akiwa kijana mpaka mgongo ulipokataa. Alipakia na kupakua meli za kila namna, wala hakuwahi kusafiri na hata moja. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Siku nyingine alitoka nyumbani kwetu Magomeni akapotea mtaa wa pili tu. Nikamwambia kaka, "Tumpeleke baharini akiwa bado anatujua." Kaka alisita, kisha akakubali.

Tulikodi kwa siku tatu. Tukaondoka Ijumaa asubuhi kuelekea kusini tukiifuata pwani: baba, kaka, mke wa kaka na mimi. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Baba alikaa mbele, akala pweza, akacheka kila povu lilipomrukia.

Asubuhi ya pili nilimkuta ameinama sitahani, fulana imelowa jasho, akiburuta madumu ya maji. Baharia alikuwa akimfuata na kumsihi, "Mzee, acha, hii kazi yangu." Nikasogea. Baba alinyooka haraka, akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi."

Sikuitikia. Ningeitikiaje?

"Baba, ni mimi," nikasema.

"Nimebakiza machache tu, bosi. Nikimaliza niruhusu niende. Nina watoto Magomeni, bado wadogo, na mama yao anaumwa."

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Kaka alikuja akataka kumshika mkono. Baba akarudi nyuma. "Sijavunja kitu," akasema. Tulipomkaribisha mezani alikataa. Alikunywa chai amechuchumaa karibu na jiko la mpishi, ametupa mgongo. Mke wa kaka akaanza kulia, kaka akamwambia anyamaze.

Nilimwomba nahodha turudi. Hakubisha. "Tutatumia injini, dada, tanga litatuchelewesha."

Njia nzima, kila nilipopita, baba alisimama. Miguu ilikuwa inamtetemeka, lakini alisimama. Nikashuka kujifungia chumbani ili asipate shida hiyo. Huko chini nilimsikia mpishi naye akimsihi asimsimamie.

Tulipoanza kuyaona maghorofa ya mjini nilipanda tena. Nikachuchumaa mbele yake kabla hajainuka. "Mzee, kazi imekwisha. Nenda nyumbani kwa wanao."

"Kweli, bosi?"

"Kweli."

Akalala palepale, kichwa ukutani.

"Umeridhika sasa?" kaka aliniuliza kwa sauti ya chini. Akaenda zake mbele bila kusubiri jibu.

Baba aliishi miezi michache mingine, na hakuniita tena mwanangu. Tulimzika, kaka na mimi, bila kuizungumzia safari ile. Mpaka leo hatujaizungumzia.