Kompyuta Niliyoikimbiza Ifakara

Kwanza naomba mnisamehe. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nazikosea, kwa sababu niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima. Sijazeeka. Lakini kazi ya kompyuta nimeiacha, na ninyi wadogo zangu mnaoianza sasa inafaa mjue tulivyoifanya.

Siku ya kwanza niliajiriwa kufagia. Ilikuwa ofisi ya kuchapa barua pale Ifakara, ukuta mmoja na mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye ofisi alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa Pwani, na alitaka tumwite Mkurugenzi. Katibu Muhtasi alikuwa dada Asteria wa Mchombe. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," bila kumtazama.

Akacheka. "Marahaba. Inua uso, hii kompyuta haiumi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuiwasha, kuchapa na kuhifadhi kazi kwenye disketi. Kompyuta ilikuwa ya zamani, aina ya 486. Ukifungua barua ya kurasa tatu, mteja aliweza kwenda sokoni akarudi. Mkurugenzi alikuwa akipita anagonga meza. "Asteria, mashine yako inatambaa kama konokono. Wateja watatukimbia."

Mwishowe akamleta Fundi Mkuu kutoka Morogoro. Huyo aliweka diski kubwa zaidi na kuongeza RAM, ile kumbukumbu ambamo kompyuta hushikilia kazi iliyo mkononi. Mimi nilimshikia tochi. Akanionyesha jampa, kikofia cha plastiki kidogo kama punje ya mchele, kinachounganisha sindano mbili kwenye ubao mkubwa wa ndani.

"Ukikihamishia hapa," alisema, "prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inatoka megahezi sitini na sita inakwenda themanini. Inakimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Lakini inachemka. Usiguse mpaka nikuletee feni kubwa. Umesikia, bwana mdogo?"

"Nimesikia, fundi."

Wiki tatu zikapita, feni haikuja. Mimi sijui kutulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikilala, naziwaza zile sindano. Asubuhi moja ya mvua, kabla wenzangu hawajafika, nilichukua bisibisi, nikafungua kasha, nikahamisha jampa.

Lo, ilikimbia! Dada Asteria alifungua barua kabla hajavuta kiti vizuri. "Umeifanya nini hii?"

"Nimefuta vumbi tu, dada."

"Basi uwe unafuta kila siku."

Mvua zilipokwisha, mpunga ukaanza kuingia, na mashine ya jirani ikawa inanguruma kutwa. Vumbi la pumba lilifika hadi kwenye chai. Dada Asteria akaifunika kompyuta kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama watu wanavyofunika redio sebuleni, akaacha skrini tu. Akawa anafanya kazi hivyo hivyo, imefunikwa. Niliona matundu ya hewa yamezibwa. Niligusa kasha, lilikuwa la moto. Kama ningesema, ningelazimika kusema na habari ya jampa. Nikarudi kwenye ufagio wangu.

Alikuwa anachapa mitihani ya darasa la nne ya shule za kata. Siku ya nne, saa nane mchana, skrini iliganda. Tulipoiwasha tena, maswali yalikuwa yamegeuka alama zisizosomeka, kwenye diski na hata kwenye disketi. Mratibu wa elimu alikuwa ameshafika kuichukua, amesimama mlangoni na baiskeli yake.

Mkurugenzi alikuja mbio. "Nani kaivalisha mashine blanketi? Ina homa?"

"Mimi, bosi. Vumbi la pumba..."

"Umenichomea mashine! Chukua kitambaa chako uende nacho. Usirudi."

Dada Asteria alinitazama. Labda alitaka niseme tu kwamba vumbi lilikuwa la kweli. Mimi nilitazama sakafu.

Dada alipoondoka, Mkurugenzi akatoka nje kumtuliza Mratibu. Nikarudisha jampa mahali pake. Baada ya saa moja kompyuta iliwaka vizuri. "Mnaona?" Mkurugenzi aliwaambia wateja. "Toa kitambaa, mgonjwa kapona!" Kesho yake akanipa kiti cha Asteria.

Nilikikalia miaka miwili, kisha nikahamishiwa tawi la Kiberege kuwa Msimamizi. Huko nako niliongeza RAM, nikabadilisha diski, nikafunga feni. Jampa sikugusa tena. Nilikwenda Mchombe kumtafuta dada. Wakaniambia amehama na mumewe, hawajui alipo.

Siku ya kuacha kazi nilimweleza Mkurugenzi yote. Alicheka hadi akajifuta machozi. "Kijana, hayo ni ya zamani. Mashine yenyewe nilishaiuza."

Sasa nalima Katindiuka. Wadogo zangu, kompyuta ya zamani inaweza kuongezewa nguvu, msiogope. Anza na RAM, kisha diski. Kasi ya prosesa iwe ya mwisho, feni ikishakuwepo. Na ukishagusa, sema umegusa, siku hiyo hiyo, hata kama sauti haitoki. Mimi nilikuja kumwambia mtu ambaye hakupoteza kitu.

Msomaji unayemfahamu Asteria, aliyekuwa Katibu Muhtasi Ifakara, naomba umsomee haya, kisha uniandikie alipo. Na wewe dada, ukiyaona mwenyewe, niandikie. Kama ni matusi, andika matusi. Nitayasoma yote.