Kifutu wa Ilomba Aliyegoma Kula

Shule niliishia darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo ukiambiwa nimewahi kuwa mtaalamu wa nyoka, cheka tu. Cheo hicho alinipa Mheshimiwa. Alikichapisha kwenye fulana niliyovaa kazini, mbele MTAALAMU, nyuma tangazo la saruji.

Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa wa kitu tena. Alistaafu kazi ya serikali, akajenga Ilomba, hapa Mbeya mjini, na banda la uani alilokusudia kufugia kuku akaligeuza nyumba ya nyoka, eti watoto wa shule waje kujifunza. Lakini ukimwita baba fulani, kama majirani wanavyoitana, siku hiyo chai huioni.

Mimi alinikuta Ubaruku, kule Usangu kwenye joto, nilikokuwa mlinzi wa mashine ya mpunga. Panya wanafuata mpunga, nyoka wanafuata panya, na mlinzi anakutana na wote. Nyoka nilikuwa nawatoa kwenye magunia kwa fimbo yenye panda, bila kuwaua. Si kwa huruma. Ukimpiga nyoka juu ya gunia unalitoboa, na mwenye mpunga atapiga kelele kuliko kama ameumwa yeye. Mheshimiwa alikuja kununua mchele, akaniona nimembana kifutu. Akaondoka na mchele, kifutu na mimi.

Kifutu ni nyoka mnene, mfupi, mvivu wa kutembea na mwepesi wa kuuma. Akikasirika anapumua kama tairi la baiskeli lililochomolewa vali. Tulimweka kwenye sanduku la mbao lenye kioo mbele, na watu wakaanza kuja. Basi naye akagoma kula.

Mwezi wa kwanza hatukushtuka, nyoka ana subira kuliko mkulima. Wa pili ukapita. Ulipoingia wa tatu ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya mwezi wa Juni mnaijua, hata mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa. Kifutu akaanza kuonyesha uti wa mgongo. Mheshimiwa akaniita.

"Mzee wangu, wakaguzi wa wanyama wanakuja mwisho wa Agosti. Wakimkuta huyu amekufa, wananifungia. Wakinifungia, wewe unarudi kwenye magunia yako."

Sikuwa na magunia ya kurudia. Nafasi yangu Ubaruku ilishajazwa, na aliyeijaza ni mbwa. Mke wangu naye alishapanda maharage nyuma ya chumba tulichopewa, na mwanamke akishapanda maharage usimwambie habari za kuhama.

Mheshimiwa akaunda kamati. Mtu aliyekaa ofisini miaka yote ile, mbuzi wake akikohoa anaitisha kikao. Mwenyekiti yeye, mjumbe muuza dawa za mifugo wa jirani, katibu mimi nisiyejua kuandika. Kikao kilikaa humo humo bandani, mbele ya kioo, ili mgonjwa aonekane. Ikaletwa chai, na maandazi, na karanga. Tukala tukimtazama nyoka asiyekula. Ajenda ya pili ilikuwa maandazi yaliyobaki.

Muuza dawa alishauri panya apakwe vitamini ya kuku. Tukampaka. Panya akapendeza, kifutu hakumgusa. Halafu akashauri taa ya vifaranga, ile nyekundu, na hapo sitamnyima haki yake: nyoka alipata joto, akaanza kujisogeza na kutoa ulimi. Ila kula, hapana.

Sasa niseme kosa langu, maana la kamati nimeshasema. Kwetu mgeni haachwi kula peke yake. Ukimtengea mgeni chakula ukaondoka, umemwambia ale haraka aende. Na huyu alikuwa mgeni, katolewa joto la Usangu kaletwa baridini. Kwa hiyo kila siku nilimning'inizia panya kwa koleo refu, kisha nikavuta kigoda mpaka karibu na kioo, nikakaa naye. Nilimwambia kamwene, salamu ya kwetu, nikamsimulia habari za Ubaruku, mifereji imefungwa, watu wanavuna. Nikichoka kusimulia namtazama tu, machoni, nimtoe aibu. Aliponipulizia nilidhani ananijibu.

Julai tukaenda Iringa, mke wangu na mimi, kwenye kipaimara cha mjukuu wa kaka yake. Ukweni. Hapo inabidi ujue kwamba sisi wazee tulilelewa hivi: mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Ni haya kubwa. Na mama mkwe wangu bado yupo, mkongwe, haoni mbali, zamani asingekaa chumba nilichomo. Siku hiyo lakini baridi ilikuwa kali na kiti pekee chenye jua kilikuwa mbele yangu. Akakaa hapo, akanielekezea uso.

Nikaletewa ugali na paja la kuku. Nikamega tonge, likasimama kooni. Mashemeji wakaona. Wakaja wote kunizunguka, wakiulizana kama nina malaria. Mmoja akaleta firigisi, maana ndiyo heshima ya mkwe. Nikazidi kushindwa. Mama mkwe akasema taratibu, "Mpeni uji, huenda meno yameisha."

Wakaitwa nje wapige picha na mtoto, wakambeba na bibi. Mlango ulipofungwa, jamani, nilikula paja, firigisi, ugali wote na mchuzi nikaunywa kwenye bakuli. Mfupa ukiwa bado mdomoni nikamkumbuka kifutu. Yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa ukweni, na mimi ndiye mama mkwe.

Njiani nilimweleza mke wangu. Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi nimekuangalia ukila miaka arobaini, wala hujawahi kushindwa tonge."

Niliporudi nilimwomba Mheshimiwa mambo matatu: kikao kihame, kioo kifunikwe blanketi, ufunguo nikae nao mimi. La kikao lilimuuma kidogo. La blanketi lilimtoa kwenye kiti. Watu waje kuona nini, blanketi? Nikamwambia wasipoona blanketi wataona ngozi. Akanipa wiki moja.

Nikamwekea boksi la kujificha, nikaacha taa, nikatupia panya aliyekufa, nikafunika, nikafunga. Siku ya kwanza nilimkuta panya amelala pale pale, nikamtoa nikaweka mwingine. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nikainua ncha ya blanketi: panya hayupo, na kifutu katikati amevimba kama soksi yenye kiazi. Nilikaa chini, sakafuni, si kwenye kigoda.

Mkaguzi alifika Agosti, dada mmoja wa buti na daftari. Mheshimiwa alishamwandalia hotuba. Dada akauliza kama nyoka anakula. Mheshimiwa akanigeukia. "Mtaalamu, mwambie ale, mgeni aone."

Nikamjibu akionekana hatakula. Nikaenda nikaleta kopo nililokuwa nimehifadhia mavi yake, yenye manyoya ya panya ndani. Dada akafungua, akachokonoa kwa kalamu, akaandika.

"Mzee, tangu asubuhi huu ndio ushahidi wa kwanza napewa ambao hauna muhuri," akasema. Akauliza nani aliyegundua dawa ya blanketi.

"Kamati," akasema Mheshimiwa.

Sikubisha. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua.

Siku hizi ukija Ilomba utakuta kibao mlangoni: NYUMBA YA NYOKA, KARIBUNI. Ndani, juu ya blanketi, kuna kingine: USIMTAZAME NYOKA. Watoto wa shule wanapanga mstari, wanatazama blanketi, wanaandika kwenye madaftari. Mimi nakaa mlangoni na ufunguo. Mchana mke wangu akiniletea chakula, anaweka sahani anaondoka, nami nageuza kiti kidogo kuelekea ukutani.